Tundu Lisilo na Pini

Jumapili saa nne asubuhi Inspekta alikuwa amesimama katika ua wa Mpimaji, akiitazama pikipiki iliyotolewa machimboni, na alikuwa amekasirika. Hasira yake ilikuwa na mwenyewe: muuza spea mmoja aliyeitwa Makorokoro, ambaye aliahidi kufika saa tatu kamili na mpaka sasa hata kivuli chake hakijaonekana. Mtu anayewachelewesha polisi ama hana wasiwasi wowote au anao mwingi kupita kiasi, na Inspekta alikwisha jiamulia huyu ni wa aina gani.

Habari yenyewe ilikuwa hivi. Mpimaji, mstaafu wa ofisi ya ramani, alikuwa ametoweka tangu Alhamisi. Kwa miaka miwili na nusu alikuwa akiifufua pikipiki ya zamani ya kukimbilia porini, otomatiki, kutoka kiwanda kilichofungwa kabla Koplo, msaidizi wa Inspekta, hajazaliwa. Ilikuwa mali ya kaka wa mkewe, ambaye ukoo ulimwita Kaka Mkubwa, na ambaye alifia juu yake kwenye mteremko wa barabara ya machimbo, miaka kumi na tisa iliyopita. Mpimaji alikuwa amemwahidi mkewe kwamba ataisikia tena ikinguruma. Alhamisi asubuhi, kwa maelezo ya shemeji yake mdogo, alitoka kwenda kuijaribu. Jioni ikaonekana imelala kwenye ukingo wa bwawa la machimbo, gurudumu la mbele limepinda, na kofia ya Mpimaji inaelea majini. Tangu hapo wazamiaji walikuwa wakipapasa matope ya bwawa lile, na pampu mbili zilivuta maji mchana kutwa kwa amri yenye sahihi ya Inspekta.

Mwili haujapatikana. Mke wa Mpimaji, muuguzi wa zahanati, alikuwa hajakubali kulitamka neno marehemu, na majirani waliokuja na nyuso za matanga aliwarudisha mlangoni. Inspekta alikuwa amembana kwa maswali mara mbili na mara zote mbili alipata jibu lilelile: mnileteeni mume wangu, akiwa hai au akiwa maiti, lakini mnileteeni.

Shemeji mdogo ndiye aliyemtaja Makorokoro. Alikuwa fundi rangi, mtu mzima wa miaka arobaini na moja, lakini kwa kuwa alizaliwa mwisho nyumba nzima bado ilimwita Kitinda. Alimwambia Inspekta kwamba breki za pikipiki ile zilikuwa za kuokoteza na kwamba alimwonya shemeji yake asiziamini. Spea zote, alisema, zilitoka kwa Makorokoro.

Mzee Makorokoro alitokea saa nne na robo, akikokota baiskeli, gunia limefungwa nyuma yake.

"Umechelewa," Inspekta alisema.

"Nimechelewa kwa sababu sikutaka kuja," Makorokoro alijibu. "Nilikuwa naijua hii ikiwa maboksi sita. Kuja kuiona imepinda si jambo dogo, mama."

Inspekta hakuwa na muda wa kuombolezewa chuma. Alimwambia wazi kwamba kuna mtu amepotea, kwamba inasemekana breki ndizo zilizomponza, na kwamba breki zilitoka kwake. Makorokoro aliizunguka pikipiki, akapitisha kiganja kwenye tangi la kijani, kisha akaketi juu ya ndoo iliyopinduliwa na kuanza kusimulia. Ilibidi kumwacha, maana kumkatiza mzee yule ilikuwa sawa na kuzuia maji kwa mikono. Pistoni aliipata kwa mjane wa dereva wa mashindano. Kabureta ilikuwa mezani kwa karani mmoja, ikizuia karatasi zisipeperuke, na karani akakataa kuitoa mpaka aletewe jiwe zuri zaidi. Springi za klachi ndizo zilizomtoa kijasho. Aliandika barua kumi na moja, akasubiri miezi kumi na minne, na mwisho zikapatikana katika bohari la jeshi lililokuwa likisafishwa, zimefungwa bado kwenye karatasi ya nta. Hizo alimletea Mpimaji Jumatatu iliyopita kwa mkono wake mwenyewe.

"Na breki?"

"Breki sikumuuzia. Viatu vya breki vilikuwa vizima, vya kiwandani. Alivisafisha tu. Nani amekwambia ni vyangu?"

Inspekta alifungua jalada na kumsomea maelezo ya Kitinda, si kwa kumjibu bali kumwonyesha kwamba anajua kila kitu. Alisoma taratibu. *Shemeji alipiga kiki mara nyingi, pikipiki ikagoma. Akaniomba nimsukume. Nikaisukuma kutoka getini mpaka penye kona, ikawaka, akaondoka kuelekea machimboni. Nilimwonya kuhusu breki lakini...*

"Rudia hapo," Makorokoro alisema.

"Kuhusu breki?"

"Pa kusukuma."

Akarudia. Mzee aliinuka kwenye ndoo. Kisha akamwita Koplo na kumwuliza kama ile pikipiki ya kazini iliyosimama nje ya geti ni yake. Akamwagiza aende akaitie gia, aizime, halafu ajaribu kuisukuma bila kushika klachi. Koplo alimtazama mkuu wake, akapewa ruhusa kwa kidevu, akaenda. Walimwona akitia bega, tairi ya nyuma ikaburuza vumbi na kukwama.

"Imeshikwa na injini," Makorokoro alisema. "Ndiyo maana pikipiki zenu mnaweza kuzisukuma zikawaka. Gurudumu linaizungusha injini kwa nguvu, inaamka. Sasa njoo uizungushe hii."

Pikipiki ya Mpimaji ilikuwa imeinuliwa juu ya sanduku, gurudumu la nyuma likining'inia. Mzee aliikanyagia gia kwa kiatu chake, ikalia tak, akamwonyesha Koplo gurudumu. Koplo alilizungusha kwa vidole viwili, nalo likazunguka, likaendelea kuzunguka, mnyororo ukicheza na injini ikiwa kimya.

"Iko kwenye gia?" Inspekta aliuliza.

"Iko kwenye gia. Klachi ya hii inajishika yenyewe, injini ikishakwenda kasi. Injini ikilala, na klachi imelala. Unaweza kuisukuma mpaka magoti yakuume, haitawaka. Ukiiteremsha mlima mzima, haitawaka. Ni kiki au ubaki ulipo, na Mpimaji alikuwa anajua hivyo kuliko anavyojua jina la mama mkwe wake."

Inspekta alilitazama gurudumu mpaka liliposimama lenyewe. Sentensi ile ya kusukuma alikuwa ameisoma mara nyingi na kila mara ilimpita, kwa sababu yeye mwenyewe alikulia katika nyumba ambayo pikipiki ya baba mdogo ilisukumwa kila asubuhi. Alikuwa ameipokea kama mtu anavyopokea salamu. Aliona aibu, na aibu yake mara nyingi ilimfanya azungumze kwa ukali.

"Kwa hiyo hakumsukuma," alisema.

"Kwa hiyo sijui alifanya nini," Makorokoro alisema, "lakini hilo hakulifanya."

Kisha, akiwa tayari ameshika gunia lake aondoke, mzee akakumbuka jambo. Jumatano jioni Mpimaji alikuwa amempigia simu. Hakuuliza habari ya spea. Aliuliza kama kiwandani walikuwa wakiweka pini mahali fulani kwenye fimbo ya breki ya nyuma. Makorokoro alimjibu kwamba waliweka, tena ni lazima iwekwe, maana ile pini ndogo kama ya kubania nywele ndiyo inayokizuia chuma kisichomoke. Mpimaji akamwomba arudie, neno kwa neno. Baadaye akasema, basi nimeelewa.

"Ameelewa nini?"

"Hakuniambia, na mimi sikuuliza. Nilidhani ni mambo ya ufundi."

Karakana ya Mpimaji ilikuwa chumba kirefu nyuma ya nyumba, na mtu aliyeshinda humo alikuwa amefanya kazi ya ramani maisha yake yote. Kila kipande cha zamani kilichotolewa kwenye pikipiki kilifungwa uzi wenye karatasi ngumu, na kwenye karatasi kulikuwa na namba, tarehe na maelezo kwa mwandiko mdogo ulionyooka. Kilipotoka, kilivyokuwa, kilichokosekana. Rafu tatu zilijaa vitu hivyo. Inspekta na Makorokoro walianza pembe mbili tofauti, Koplo akawekwa mlangoni. Kwenye meza ya kazi jiliwa kubwa la kubania vyuma lilikuwa limefutwa vizuri, safi kuliko kitu kingine chochote mle ndani. Inspekta aliliona, akalitazama kwa karibu, akainama kuangalia sakafu chini yake. Sakafu nayo ilikuwa imesuguliwa, duara moja la saruji lililokuwa jeupe kuliko sehemu nyingine.

"Hii hapa," Makorokoro alisema kwa sauti ndogo.

Alishika fimbo nyembamba yenye kutu, urefu wa mkono. Inspekta aliisoma karatasi yake.

*Na. 212. Fimbo ya breki ya nyuma, upande wa kanyagio. Pini ya kufungia haipo. Tundu limejaa grisi ya zamani iliyoganda, halina mkwaruzo wala kipande. Haikukatika. Haikuwekwa.*

Chini yake, kwa kalamu nyingine: *Nani aliifunga mara ya mwisho?*

Inspekta alimtaka mzee amweleze kama anavyomweleza mtu asiyejua kitu. Makorokoro alieleza. Bila pini, chuma kinachoshikilia fimbo hutembea kidogo kidogo kwa mtikisiko, siku moja au mbili, mwisho huchomoka. Dereva akikanyaga, kanyagio linakwenda mpaka chini na hakuna kinachotokea. Kwa pikipiki ya kawaida unashusha gia na injini inakushika. Hii haina kukushika. Umeona gurudumu lilivyozunguka. Ukiwa kwenye mteremko, kilichobaki ni breki ya mbele, na hiyo kwenye kokoto inakubwaga.

"Kaka Mkubwa alikufa mteremkoni," Inspekta alisema.

"Watu walisema pombe."

"Nani alisema?"

Makorokoro alipandisha mabega. Kila mtu alisema. Mama yao mzazi alikwenda kaburini akiamini mwanawe wa kwanza alikufa mlevi, na binti yake, huyu muuguzi, alikuwa ameacha kuhudhuria harusi za ukoo kwa sababu hiyo, maana hapakosi mjomba mwenye ulimi mrefu.

Inspekta alimshukuru mzee, akamwomba asubiri uani. Akamtuma Koplo amwite Kitinda, na akamsisitizia amwache dada mtu ndani ya nyumba.

Kitinda aliingia akifuta mikono kwenye suruali. Alikuwa mtu mpole, mwenye rangi za kazini kwenye kucha, na siku zote nne alikuwa ametoa ushirikiano kiasi kwamba askari walimpenda. Inspekta alimkalisha kwenye kigoda, mgongo wake ukielekea jiliwa, akamwomba asimulie tena Alhamisi asubuhi. Akasimulia. Hakukosea hata neno, na hilo nalo Inspekta aliliweka moyoni.

"Alipokuwa anasukumwa, alikuwa gia ya ngapi?"

"Ya pili, afande."

"Halafu?"

"Alishika klachi, nikasukuma. Ilipochukua mwendo akaiachia, ikawaka."

"Alishika klachi kwa mkono upi?"

"Wa kushoto."

Inspekta alifungua mlango wa karakana ukaachama, akamwambia aangalie uani. Pikipiki ilikuwa pale juu ya sanduku lake, usukani umeelekea kwao. Upande wa kulia kulikuwa na mkono wa breki. Upande wa kushoto kulikuwa na mpira wa kushikia, basi. Hapakuwa na mkono mwingine, wala waya, wala alama kwamba uliwahi kuwapo.

Kitinda aliangalia kwa muda mrefu. Ungeona jinsi macho yake yalivyokuwa yakiutafuta ule mkono.

"Umeipiga msasa miezi mitatu," Inspekta alisema, "na hujui."

"Nilipewa tangi na bodi tu. Shemeji hakupenda mtu aguse mambo ya ndani. Hata Kaka Mkubwa hakupenda. Miaka yote ile nilikuwa naiosha. Sijawahi kuiendesha hata siku moja."

"Lakini siku moja Kaka Mkubwa alikupa spana."

Inspekta aliiweka ile fimbo juu ya magoti yake, karatasi ikiwa juu. Kitinda hakuisoma. Ilikuwa dhahiri kwamba alikwisha isoma.

Alipoanza kusema hakuhitaji kuulizwa. Alikuwa na miaka ishirini na miwili. Kaka Mkubwa alirudi amechoka, akamwambia, mdogo wangu, leo nikazie breki, nawe ujifunze. Alifurahi sana. Akafungua, akakaza, akafunga, akapata sifa. Usiku wa siku ya msiba alivua koti la kazi, akaikuta pini mfukoni. Aliitupa chooni. Watu walipoanza kusema pombe, hakuwapinga. Alijiambia atasema baada ya arobaini, baadaye baada ya mwaka, na mama alipougua akajiambia huu si wakati wake.

Alhamisi, dada yake alipokwenda zamu, Mpimaji alimwita humu ndani na kumwonyesha karatasi, akalisoma jibu usoni mwake. Hakumtukana. Hilo ndilo Kitinda alilolirudia mara mbili, kwamba hakumtukana. Alimwambia tu: mwambie dada yako leo jioni, au nitamwambia mimi. Kitinda alimsihi. Alimpigia magoti. Mpimaji akasema ameishi na mwanamke anayelia kila mwaka tarehe ileile, na sasa ana dawa yake mkononi, hawezi kuiweka kwenye rafu. Alikuwa anakwenda mlangoni. Kitinda alimvuta, Mpimaji akajinasua, Kitinda akamsukuma.

"Kichwa kikapiga pale." Hakugeuka kuangalia jiliwa. "Hakuinuka, afande. Damu ilikuwa nyingi. Nilijua nimemuua."

"Yuko wapi?"

"Nilimpakia yeye na pikipiki kwenye gari lake, nikafunika turubai. Pikipiki nikaibwaga ukingoni mwa bwawa, kofia nikaitupa majini."

"Nimekuuliza yuko wapi."

"Stoo ya baruti. Ile ya zamani, pale machimboni. Nilifunga komeo kwa nje."

Inspekta aliijua. Ilikuwa nyumba ya mawe yenye kuta nene, hatua sitini kutoka kwenye pampu. Ijumaa mchana yeye mwenyewe aliuegemea ukuta wake akikimbia jua, masikio yamezibwa na mngurumo wa pampu. Mlango wa chuma aliuona, komeo aliliona, na akasema moyoni kwamba mtu aliyetumbukia bwawani hawezi kujifungia kwa nje.

"Alikuwa anapumua ulipomweka?"

"Sikuangalia," Kitinda alisema. "Niliogopa kuangalia."

Inspekta alitoka nje kupiga simu, kwa sababu hakujiamini kubaki karibu naye. Alimwambia sajini wa machimboni azime pampu zote mbili, avunje komeo, na daktari aingie wa kwanza. Kisha akasimama uani. Makorokoro alikuwa ameketi tena kwenye ndoo yake. Dakika kumi na nne zilipita. Inspekta aliomba, jambo ambalo hakuwa na desturi nalo kazini, na alichoomba kilikuwa kifupi sana.

Simu ilipolia alisikiliza bila kukatiza. Alisema ndiyo mara tatu, akauliza swali moja, akarudi karakana.

Kitinda alikuwa palepale kwenye kigoda, Koplo amemsimamia. Alinyanyua uso.

"Alikufa palepale, si ndiyo afande? Kwenye jiliwa. Hakusikia kitu."

Kulikuwa na namna ya kumjibu ambayo ingemwachia kitu cha kushika. Inspekta aliifikiria, na hakuwa na moyo wa kuitoa.

"Alikuwa nyuma ya mlango," alisema. "Alichana shati lake akajifunga kichwa. Alijikokota kutoka ulipomlaza mpaka mlangoni, na mikono yake imechubuka kwa kugonga. Daktari anasema alikufa jana."

Kitinda alianza kuinama.

"Jana saa ngapi?"

Sauti ilitoka mlangoni. Mke wa Mpimaji alikuwa amesimama kizingitini, bado amevaa viatu vyeupe vya kazi. Koplo alimsogelea kumrudisha, Inspekta akamzuia kwa mkono. Muuguzi alikuwa ameomba aletewe mume wake, hai au maiti. Hapakuwa na haki ya kumfungia mlango sasa.

"Mchana," Inspekta alisema. "Saa nane hivi, anavyokadiria. Mama, pole sana. Nilimtafuta mahali asipokuwapo."

Muuguzi alitikisa kichwa kama anayepokea maelezo ya mgonjwa. Hakumtazama Inspekta. Alimtazama mdogo wake, aliyekuwa ameinama mpaka paji la uso limegusa ile fimbo magotini mwake.

"Saa nane nilikuwa machimboni," alisema. "Nilisimama pale juu, nikamwita mume wangu kwa jina lake. Nilimwita mpaka sauti ikakauka. Wewe ndiye uliyenishika mkono, Kitinda. Ukaniambia, dada, twende nyumbani, hawezi kukusikia."